Chuo Gani kwa Kijana Anayetaka Udaktari? Hotuba kwa familia zinazozungumza Kiswahili, Dallas na Fort Worth

Wazazi wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za jioni. Na ninyi wanangu mliojibanza kule nyuma, sogeeni mbele, maana mazungumzo haya ni yenu kuliko ya mtu mwingine yeyote humu ukumbini.

Nawashukuru kwa kunialika. Mimi ni daktari wa familia, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikaa na vijana wetu wa hapa, wa Fort Worth na wa Abilene, kuwasaidia kupanga njia yao. Sasa ni Aprili. Majumbani mwenu kuna barua za vyuo, mbili, tatu, wengine tano, na tarehe 1 Mei, ambayo vyuo vingi hutaka jibu, iko mlangoni. Kwa hiyo sitazunguka.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Daktari, mwanangu amepata chuo. Ndiyo ameanza kusoma udaktari?" Hapana, mama. Hapana, mzee wangu. Bado.

Kwetu mambo ni mengine. Kijana wa Tanzania aliyechukua PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, akafaulu vizuri kidato cha sita huomba Muhimbili, au KCMC kule Moshi, au Bugando ya Mwanza. Akiingia, ameingia: miaka 5 ya darasa na wodi, mwaka mmoja wa intanshipu, na jina la daktari ni lake. Kenya vilevile, ila shahada yao huchukua miaka 6. Hapa Marekani kuna milango miwili. Kwanza digrii ya miaka 4, ya somo lolote. Baada ya hapo kijana anaomba upya, kama mgeni, kuingia chuo cha udaktari, ambako atakaa miaka 4 mingine. Kisha mafunzo ya ubingwa hospitalini, miaka 3 kwa tiba ya familia kama yangu, 7 kwa wapasuaji wa ubongo. Barua mlizonazo nyumbani ni za mlango wa kwanza tu. Hakuna hata moja inayomwahidi mtoto wenu mlango wa pili, isipokuwa ile michepuo michache iliyounganisha vyote viwili, ambayo nitaigusa baadaye.

Utaratibu huu haukuwepo tangu mwanzo. Karne ya 19 nchi hii ilijaa shule za udaktari za biashara ambazo mtu aliweza kuingia hata kama hakumaliza sekondari. Johns Hopkins ilipofungua chuo chake cha udaktari Baltimore mwaka 1893, ikadai kila anayeingia awe na digrii. Mwaka 1910 Abraham Flexner akatoa ripoti iliyovipima vyuo vyote vya udaktari vya Marekani na Kanada kwa kipimo hicho, na vingi vikafungwa. Vyuo vya Weusi vilikuwa 7. Vitano vikafa, vikabaki Howard ya Washington na Meharry ya Nashville. Usomi wa madaktari ulipanda, hilo ni kweli na ni jema. Lakini mlango ulipobanwa, sisi tulibanwa zaidi, na pengo lile bado nalihisi kila siku kazini, mgonjwa anaponiambia mimi ni daktari wa kwanza mweusi kumgusa.

Basi tuulize: walioko mlango wa pili wanaangalia nini? Wanaangalia alama za digrii, yaani GPA, ambayo kilele chake ni 4.0. Wanaangalia mtihani wa MCAT, ambao pamoja na mapumziko huchukua muda wa saa saba na nusu, na alama zake huanzia 472 hadi 528. Wanasoma barua za walimu. Wanauliza kijana amekaa wapi na wagonjwa, na kwa muda gani. Wanamwita, wanamhoji. Kila mwaka waombaji wa vyuo vya MD, shahada ya udaktari iliyozoeleka hapa, huzidi 50,000, na nafasi ni kama 23,000. Wanaopata huwa na wastani wa GPA unaokaribia 3.8 na MCAT inayokaribia 512. Jina la chuo alikotoka lina uzito fulani, sitawadanganya, hasa kwenye vyuo vyenyewe vya majina. Lakini jina haliwezi kuziba pengo la GPA ya 3.1. Sijawahi kuona limefanya hivyo.

Ndiyo maana nasema, na jioni nzima nitarudi hapo hapo: chagueni chuo ambako huyu mtoto wenu, kama mnavyomjua ninyi, atatoka akiwa na alama nzuri, akiwa na walimu wanaomjua kwa jina, na bila deni la kumfunga. Mambo hayo matatu. Mengine yote, uwanja wa mpira, majengo ya matofali mekundu, fulana yenye nembo ambayo shangazi ataipiga picha aitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ni mazuri lakini yaje baadaye.

Tuanze na alama, maana hapo ndipo vijana wetu wengi huumia kabla hawajajua wanaumizwa na nini.

Wanaoelekea udaktari wote, hata anayesoma historia, wanapita masomo yaleyale: mwaka wa baiolojia na maabara yake, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ogani, mwaka wa fizikia, bayokemia, Kiingereza, takwimu. Tangu 2015 MCAT inapima pia saikolojia na sosholojia. Vyuo vya udaktari hukokotoa alama za sayansi na hisabati peke yake, mbali na alama za jumla. Na sikilizeni hili vizuri: mwanafunzi akianguka kemia, akarudia akapata A, chuo chake kinaweza kufuta ile F kwenye transkripti ya ndani. Ofisi zinazopokea maombi ya udaktari hazifuti. F inahesabiwa na A inahesabiwa, zote mbili. Zamani waombaji wa vyuo vya DO, aina nyingine ya shahada ya udaktari hapa Marekani, walikuwa na nafuu ya kuhesabiwa alama mpya tu, lakini nafuu hiyo iliondolewa mwaka 2017.

Kuna jambo la karibu zaidi na sisi wa Texas. Watoto wetu wengi wanachukua masomo ya chuo wakiwa bado sekondari, yale yanayohesabiwa sekondari na chuoni kwa pamoja (dual credit). Mzazi anafurahi, mtoto ana miaka 16 na tayari ana krediti 30, ada imeokolewa. Sawa kabisa. Lakini kila alama ya masomo hayo ni alama ya chuo, na itaonekana siku atakapoomba udaktari akiwa na miaka 22. Binti mmoja alikuja kwangu na karatasi zake, mwanafunzi hodari, tumezitandaza mezani. Kuna C ya aljebra ya chuo aliyoipata akiwa kidato cha kumi, yaani darasa la kumi la hapa Marekani, muhula ambao mama yake alikuwa amelazwa na yeye ndiye aliyekuwa akipika na kuwapeleka wadogo zake shule. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba C ile itasafiri naye. Haikumzuia, leo yuko mwaka wa pili wa udaktari, lakini ilibidi aieleze kwa maandishi. Kwa hiyo ninyi wa kidato cha kumi na cha kumi na moja: msichukue somo la chuo kwa sababu rafiki amechukua. Lichukueni mnapokuwa na nafasi ya kulisoma.

Sasa njooni darasani. Mwaka wa kwanza, kemia ya jumla, kwenye chuo kikubwa cha serikali: ukumbi wa watu 300, mwalimu yuko mbali na kipaza sauti, mtihani wa kwanza wiki ya nne. Nusu ya ukumbi imesema inataka udaktari. Ufikapo mtihani wa kemia ogani mwaka wa pili, wengi wameshageuza njia. Wengine wamegeuza kwa furaha, wamegundua uhandisi au ualimu. Lakini wako walioondoka kwa sababu mtihani mmoja uliwaambia hawana akili, na hakukuwa na mtu wa kuwaambia vingine.

Hapo ndipo vyuo vinapotofautiana, na tofauti hiyo haiandikwi kwenye kijitabu. Kwa hiyo mkienda kutembelea chuo, msiulize "wanafunzi wenu wangapi wanapokelewa udaktari?" Mtaambiwa asilimia 85, asilimia 90, na mtarudi nyumbani mmeridhika. Ulizeni hivi: "Mwaka wa kwanza wangapi walisema wanataka udaktari, na wangapi kati yao walifika hatua ya kuomba?" Tuseme walianza 400. Tuseme 70 ndio walioomba na 60 wakapokelewa. Asilimia 85 na ushee ni ya kweli, na wale 330 hawamo ndani yake. Vyuo vingine vina kamati inayoandika barua moja ya chuo kumtambulisha mwombaji, na mwenye alama ambazo kamati haizipendi hunyimwa barua au hushauriwa kwa upole asiombe mwaka huo. Hivyo asilimia inabaki juu. Barua ya kamati yenyewe si mbaya, inaweza kumsaidia sana mwanafunzi. Ulizeni tu nani hupewa na nani hunyimwa, na mwangalieni anayejibu usoni.

Kisha mwombe mtoto azungumze na wanafunzi wa mwaka wa tatu bila ninyi kuwepo. Awaulize: mkikwama kemia mnakwenda wapi? Kama jibu ni "kuna chumba cha masomo ya ziada, kiko wazi jioni, na mwalimu mwenyewe hupita," hapo pana chuo. Kama jibu ni kwamba wanafichana maelezo ya darasa kwa sababu alama za A zina idadi, hapo mwanangu fikiri mara mbili.

Nitawatajia mfano mmoja ambao kila mzazi mweusi nchini hapa anapaswa kuujua. New Orleans kuna chuo kinaitwa Xavier University of Louisiana, cha Wakatoliki, kidogo, wanafunzi kama 3,000. Norman Francis alikiongoza tangu 1968 hadi 2015. Si chuo cha matajiri, na wanafunzi wake wengi hawakutoka sekondari za kifahari. Kwa miaka mingi kimekuwa mbele ya vyuo vyote vya Marekani, Harvard ikiwemo, kwa idadi ya wahitimu Weusi wanaoingia udaktari na kuumaliza. Walifanyaje? Hawakufanya miujiza. Walimu wa kemia walikaa pamoja wakakubaliana kila darasa lifundishe mambo yaleyale kwa mpangilio mmoja, mwanafunzi asiponzwe na bahati ya mwalimu aliyempata. Mazoezi ya mara kwa mara, majaribio madogo madogo ili mtu ajue mapema alipopungukiwa, na wanafunzi kusoma kwa vikundi badala ya kushindana. Mimi naamini siri kubwa ni hiyo ya mwisho. Watoto waliolelewa kwenye nyumba zetu, ambako binamu wanne hulala chumba kimoja na wote wanafanya hesabu kwenye meza moja, wanajua kusoma hivyo. Kisha tunawapeleka mahali ambapo kila mtu anajifungia peke yake, tunashangaa wananyauka.

Sisemi wote waende New Orleans. Nasema mtafute dalili hizo kwenye kila chuo mnachokiangalia, kiwe kikubwa au kidogo. Hata ndani ya chuo kikubwa kuna programu za heshima (honors), za wanafunzi wenye alama za juu, na vikundi vya sayansi ambavyo vinamtoa mwanafunzi kwenye ukumbi wa watu 300 na kumweka kwenye darasa la watu 25. Anayejua kubisha hodi atavipata.

Tufike kwenye pesa. Hapa naomba wazazi mnisikilize kwa makini, kwa sababu kanuni zimebadilika.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 imeweka mipaka kwenye mikopo ya serikali kuu kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Mwanafunzi mpya wa udaktari hawezi kukopa zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, wala zaidi ya 200,000 kwa masomo yote hayo. Ule mkopo wa zamani uliokuwa unafunika gharama yote iliyobaki, kwa wakopaji wapya umefutwa. Vyuo vingi vya udaktari vya binafsi kwa miaka 4 vinapita 200,000 kwa mbali, pamoja na chakula na kodi ya nyumba. Tofauti hiyo mtu ataitafuta benki, kwa riba ya benki, na benki itauliza dhamana. Mkopo wa mzazi kwa mtoto aliye kwenye digrii ya kwanza nao umewekewa kikomo: dola 20,000 kwa mwaka, na 65,000 kwa mtoto mmoja jumla.

Chukueni mfano. Barua ya kwanza imetoka chuo cha binafsi chenye jina. Gharama ya mwaka 86,000. Chini yake, kwa herufi kubwa, "jumla ya msaada: 71,000." Baba anapiga vigelegele. Haya, tusome mstari kwa mstari. Ruzuku, 43,000. Mkopo wa mwanafunzi, 5,500. Kazi za chuoni, 2,500, ambazo hujazifanya bado. Na mkopo wa mzazi, 20,000. Mkopo si msaada, ndugu zangu. Mkopo ni bei. Toeni ruzuku peke yake kwenye gharama: bei ya kweli ni 43,000 kwa mwaka. Na ule mkopo wa mzazi wa 20,000, miaka mitatu tu umefika 60,000, mwaka wa nne zimebaki 5,000. Mtoto yuko mwaka wa mwisho, anajiandaa na MCAT, na nyumbani hakuna wa kulipa.

Barua ya pili ni ya chuo cha serikali, mwendo wa dakika 40 kutoka nyumbani. Gharama 29,000, ruzuku 17,000. Bei ya kweli 12,000, na akilala nyumbani inashuka zaidi. Takwimu hizi ni za mfano, lakini barua za namna hii nimezishika mikononi. Mtoto huyu wa pili anaweza kufika mlango wa udaktari bila deni kubwa, na mipaka ile ya 2026 haitamtisha.

Lakini msinielewe vibaya mkadhani chuo chenye jina siku zote ni ghali. Vyuo vyenye akiba kubwa, kama Rice ya Houston au Harvard, humlipia mtoto wa familia ya kipato cha chini karibu kila kitu kwa ruzuku, bila mkopo. Akipata huko, na akapenda, apelekwe kwa ngoma. Ninachokataa ni kuamua kabla ya kusoma hesabu. Sheria inavitaka vyuo viweke kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti zao, kitumieni hata kabla ya kuomba. Na kwa wale ambao watoto wao wako kidato cha kumi na moja: uangalifu mkubwa na ule uamuzi wa mapema unaomfunga mtoto. Akikubaliwa kwa njia hiyo, anatakiwa aende, na ninyi hamtapata nafasi ya kuweka barua mbili mezani mkazilinganisha. Familia inayohitaji kulinganisha pesa isijifunge.

Kukaa Texas ni bahati ambayo wengi wetu hatujaitambua. Sheria ya jimbo inataka angalau asilimia 90 ya nafasi za vyuo vya udaktari vya umma ziende kwa wakazi wa Texas. Ada za vyuo hivyo kwa wakazi ni miongoni mwa za chini kabisa nchini. Mwombaji hutumia ofisi moja, TMDSAS, analipa ada moja ya maombi hata akiomba vyuo kumi. UT Southwestern iko hapa Dallas. Chuo cha udaktari wa DO kipo Fort Worth tangu 1970, na daktari wa DO anatibu, anapasua na anaandika dawa kama wa MD. Msiwavunje moyo watoto kwa herufi mbili. Texas Tech ina mchepuo wa miaka mitatu kwa wanaotaka tiba ya familia, yaani mwaka mzima wa ada umeokolewa.

Na kuna JAMP. Naomba mliandike jina hili. Bunge la Texas liliianzisha mwaka 2001 kwa ajili ya wanafunzi wa familia za kipato cha chini wanaosoma digrii ya kwanza humu jimboni. Anayechaguliwa hupewa ufadhili, hupelekwa majira ya joto kwenye vyuo vya udaktari kujifunza, huandaliwa kwa MCAT, na akitimiza alama zilizowekwa amehakikishiwa nafasi kwenye chuo cha udaktari cha Texas. Lazima awe raia au mwenye grini kadi. Familia zetu zilizotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, nyingi zinastahili kwa kipato na kwa hadhi ya ukaazi, na bado nakutana na vijana wa mwaka wa tatu ambao hawajawahi kulisikia jina hilo. Inaniuma. Mtoto akienda kusoma nje ya Texas, JAMP haimfuati. Hilo nalo liingie kwenye mizani yenu.

Wale wa asilimia 10 za juu sekondarini mnajua kwamba sheria ya 1997 inawapa nafasi kwenye vyuo vya umma vya jimbo, isipokuwa UT Austin ambako kiwango kimekazwa, na kuanzia msimu wa vuli wa 2026 ni asilimia 5. Sitakaa sana hapo.

Niseme juu ya wagonjwa. Chuo cha udaktari kitamuuliza kijana: umejuaje kwamba unataka kazi hii? Hawezi kujibu "nilipenda baiolojia." Kwa hiyo angalieni chuo kiko umbali gani na hospitali, na kama mwanafunzi asiye na gari anaweza kufika. Vijana wetu wana kitu ambacho wenzao wengi hawana. Wamekalimani tangu wakiwa wadogo. Nani humu hajawahi kumpeleka bibi kwa daktari na mtoto wa miaka 12 akawa ndiye mkalimani? Kanuni za serikali kuu haziruhusu hospitali kumtegemea mtoto kwa kazi hiyo, isipokuwa kwa dharura, na ni sawa, maana mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kumwambia bibi yake kwamba ana saratani. Lakini akifika miaka 18, akapata mafunzo ya ukalimani wa kitabibu, saa 40 za darasa ndizo kiwango cha chini kwa anayetaka kufanya mtihani wa cheti cha kitaifa, basi lugha aliyonyonya kwa mama yake inakuwa kazi yenye malipo, chumbani kabisa, kati ya daktari na mgonjwa. Nimefanya kazi na wakalimani vijana wa namna hiyo. Mmoja alinisimamisha katikati ya sentensi akaniambia kwa adabu, "Daktari, mama hajasema tumbo linauma, amesema linamkata na kumwachia." Nilibadilisha vipimo palepale. Hakuna maabara ya chuo inayofundisha hilo.

Somo gani asome? Analolipenda na atakalolifaulu. Baiolojia ndilo la wengi, lakini waliosoma falsafa au hisabati hupokelewa pia, mradi wamepita yale masomo ya sayansi. Neno moja tu kuhusu uuguzi, maana kwetu ndiyo ushauri wa kila jikoni: "Aanze unesi, udaktari utakuja." Uuguzi ni taaluma kamili yenye heshima yake, na anayeutaka autake kwa moyo wote. Lakini ajue kwamba kemia fupi ya wanafunzi wa uuguzi mara nyingi haikubaliki na vyuo vya udaktari, atalazimika kusoma kemia upya. Ni njia ndefu, si ya mkato.

Chuo cha jamii, cha miaka miwili? Ndiyo, kwa mwenye sababu ya pesa au ya familia. Ila kemia ogani, fizikia na bayokemia azisome kwenye chuo cha miaka minne kama anaweza, kwa kuwa vyuo vingine vya udaktari hupendelea hivyo, na walimu wa huko ndio watakaomwandikia barua. Michepuo iliyounganishwa, kama ule wa miaka 8 wa Brown au wa miaka 6 wa Kansas City, ipo, nafasi ni chache mno, aombe lakini asijenge nyumba juu yake. Vyuo vya visiwa vya Karibi vinavyowaandikia watoto wetu barua tamu: msisaini chochote kabla ya kuzungumza na mtu asiyelipwa na chuo hicho.

Kwa vijana walio hapa kwa viza ya mwanafunzi, nitasema kweli hata kama ni chungu. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei wasio na ukaazi, na baadhi ya vinavyopokea hutaka ada ya miaka yote minne ionekane benki kwanza. Kijana huyo achague digrii ambayo itampa kazi nzuri yenyewe, na aangalie kwa uzito kama Muhimbili au Nairobi haitamfikisha kwenye udaktari mapema zaidi.

Na ninyi nyote, hata wenye uraia, chagueni chuo chenye milango mingine. Wengi wanaoanza njia hii hawaimalizi. Mtoto akigundua mwaka wa pili kwamba anataka famasia, afya ya jamii au kufundisha sayansi sekondari, awe mahali ambapo hayo yapo na yana walimu wazuri. Na akija nyumbani Desemba kuwaambia, mumpokee kama mlivyompeleka.

Nimemaliza ya kusimama. Sasa tuketi. Pale kwenye meza ndefu nina kalamu na kikokotoo, na wenzangu wawili wanaosoma udaktari wako nami. Mwenye barua ya chuo aje nayo, tutoe mikopo, tutoe kazi za chuoni, tubaki na bei. Tuanze na wale ambao muda wao wa kujibu ni wa karibu zaidi.